Busia hadi Tororo: Umbali, njia na muda wa safari kwa gari na kwa ndege

Ukiiuliza mitambo ya intaneti inayokokotoa umbali kati ya miji, utaambiwa kwamba kutoka Busia hadi Tororo ni takriban kilomita 27, na kwamba ndege huchukua dakika chache tu. Takwimu hiyo ni sahihi, lakini haimsafirishi mtu. Hakuna ndege ya abiria yenye ratiba inayounganisha miji hiyo miwili, wala hakuna barabara inayofuata mstari ulionyooka. Kati ya miji hiyo kuna mabonde yenye tinga tinga, barabara ya vumbi, barabara kuu inayobeba mizigo ya nchi kadhaa, na kwa wasafiri wengi, mpaka wa kimataifa.

Makala haya yanaeleza umbali halisi, njia zilizopo, muda ambao msafiri anapaswa kuutenga, na stakabadhi anazopaswa kuwa nazo. Yamekusudiwa hasa kwa wasikilizaji wetu wanaosafiri kwenda kuwaona jamaa katika eneo hilo, au wanaowapangia safari wazazi na ndugu zao wakiwa mbali.

Busia ipi?

Swali la kwanza si la kilomita. Ni la jina. Kuna miji miwili inayoitwa Busia, mmoja ukiwa Kenya na mwingine Uganda, na inagusana mpakani kiasi kwamba mgeni anaweza kuidhania kuwa mji mmoja wenye lango katikati. Busia ya Kenya ni makao makuu ya Kaunti ya Busia. Busia ya Uganda ni makao makuu ya Wilaya ya Busia. Hali ni hiyo hiyo Malaba, mji mwingine wa mpakani ulioko kaskazini mashariki ya Busia: kuna Malaba ya Kenya na Malaba ya Uganda.

Tororo iko Uganda peke yake, yapata kilomita 15 magharibi ya Malaba kwa barabara. Mji huo unatambulika kutoka mbali kwa sababu ya mwamba wake mrefu, unaofikia takriban mita 1,483 juu ya usawa wa bahari. Madereva wanaotoka upande wa Kenya huuona mwamba huo muda mrefu kabla ya kuzifikia nyumba za mji.

Tofauti hii ya majina ina uzito katika safari. Anayeanzia Busia ya Uganda anaweza kufika Tororo bila kuvuka mpaka wowote. Anayeanzia Busia ya Kenya hana budi kuvuka. Uamuzi wake ni avukie wapi, Busia au Malaba. Kwa hiyo watu wawili wanaoanza safari wakiwa wametengana kwa mwendo wa dakika chache wa miguu wanaweza kuwa na safari mbili zisizofanana kabisa.

Kwa muhtasari

- Mstari ulionyooka: takriban kilomita 27, kuelekea kaskazini na kuegemea mashariki kidogo.
- Njia ya vumbi ndani ya Uganda: kati ya kilomita 30 na 40, kutegemea barabara ndogo atakazozishika dereva.
- Njia ya lami ndani ya Uganda, kupitia Namutere: kiasi cha mara mbili ya mstari ulionyooka.
- Njia ya lami kupitia Kenya na Malaba: kati ya kilomita 45 na 50.
- Ndege ya abiria yenye ratiba: hakuna.
- Treni ya abiria kati ya miji hii: hakuna. Reli inapita Malaba na Tororo lakini haifiki Busia.
- Tofauti ya saa: hakuna. Kenya na Uganda hutumia saa za Afrika Mashariki.

Njia ya kwanza: vumbi, lakini fupi

Barabara iliyo fupi zaidi hutoka Busia ya Uganda kuelekea kaskazini, katika sehemu ya wilaya hiyo ambako kuna Buteba na Tiira, eneo linalojulikana kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, kisha huingia Wilaya ya Tororo. Ni njia ya wenyeji. Bodaboda, baiskeli, magari madogo na malori ya mazao huitumia kwa shughuli za kila siku, na inapita katika vijiji ambavyo barabara kuu haivigusi.

Kiangazi, gari likienda kwa wastani wa kilomita 30 hadi 35 kwa saa, safari hiyo huchukua saa moja na dakika chache. Masika, hesabu hubadilika. Udongo wa eneo hilo huteleza, na maji hujaa katika mabonde yaliyo kati ya vilima. Tororo si mahali pa mvua ya kawaida. Takwimu za hali ya hewa zinazonukuliwa mara nyingi zinaonyesha kwamba kati ya mwaka 1967 na 1976 mji huo ulirekodi wastani wa siku 251 za radi kwa mwaka, idadi iliyouweka miongoni mwa miji yenye ngurumo nyingi zaidi duniani. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza la kumuuliza dereva wa njia hii ni kama jana ilinyesha. Bei ya nauli inaweza kusubiri.

Njia ya pili: lami, lakini ndefu

Dereva asiyetaka vumbi hutoka Busia ya Uganda kwa barabara kuu inayoelekea magharibi hadi Namutere. Hapo barabara hiyo hukutana na ile itokayo Malaba na Tororo, na kutoka hapo zote mbili huendelea kama barabara moja kwenda Bugiri, Jinja na Kampala. Anayekwenda Tororo hageuki kuelekea Kampala. Hushika mkono wa kulia na kurudi upande wa kaskazini mashariki.

Kwenye ramani, njia hii huchora pembe kali: msafiri huenda magharibi kwanza ili afike mashariki baadaye. Hata hivyo ni lami mwanzo hadi mwisho, na ndiyo njia ambayo dereva mgeni wa eneo hili anaweza kuifuata bila kuuliza. Kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa, safari huchukua saa moja na zaidi kidogo. Teksi za abiria, zile ambazo Wakenya huziita matatu, huenda zikachukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa husimama kushusha na kupakia, na mara nyingine abiria hulazimika kubadilisha gari Namutere.

Msafiri akumbuke kwamba sehemu ya Namutere hadi Tororo ni kipande cha Ukanda wa Kaskazini, njia kuu ya mizigo itokayo bandari ya Mombasa. Kutoka Mombasa hadi Kampala ni takriban kilomita 1,170 kwa barabara, na malori yanayokwenda Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo hupita humo pia. Kasi ya gari dogo katika barabara hiyo hutegemea idadi ya matrela yaliyo mbele yake. Usiku, malori yaliyoharibika na kuachwa kando ya lami bila taa ni hatari inayojulikana na kila dereva wa njia hiyo. Ni busara kusafiri mchana.

Njia ya tatu: kupitia Kenya

Upande wa Kenya kuna barabara ya lami itokayo Busia, ikapita Alupe na Adungosi, hadi Malaba. Urefu wake ni kilomita 30 hivi. Kutoka Malaba, msafiri huvuka na kuingia Uganda, kisha hubakiza zile kilomita 15 za kufika Tororo.

Kwa anayeanzia Busia ya Kenya, hii ni njia ya kawaida kabisa: mpaka ni mmoja, nao anauvuka Malaba badala ya Busia. Kwa anayeanzia Busia ya Uganda, njia hii inamaanisha kuvuka mara mbili: kuingia Kenya hapo Busia, na kurudi Uganda kupitia Malaba. Mwendo wa gari peke yake ni kama saa moja. Muda wa mpakani huongezwa juu yake.

Hapa ndipo jambo muhimu la safari hii linapojitokeza. Njia zote tatu, pamoja na kutofautiana kwa urefu, huishia kuwa na mwendo wa karibu saa moja. Fupi hucheleweshwa na vumbi na tope. Ndefu huokolewa na lami. Ya Kenya iko katikati. Kwa hiyo kilomita hazimsaidii msafiri kuchagua. Kinachoamua ni mambo matatu: mvua, foleni na karatasi.

Mpaka huchukua muda gani?

Busia na Malaba zote zina vituo vya pamoja vya mpakani, na hufanya kazi saa 24. Kituo cha Busia kilizinduliwa rasmi tarehe 24 Februari 2018 na Rais Yoweri Museveni wa Uganda na Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya. Zamani msafiri alisimama mara mbili: aligongewa muhuri wa kutoka katika nchi moja, akavuka, akapanga foleni tena katika nchi ya pili. Chini ya utaratibu wa kituo cha pamoja, maafisa wa nchi zote mbili hukaa katika jengo moja upande wa nchi anayoingia msafiri. Anayekwenda Uganda hukamilisha shughuli zote upande wa Uganda, na anayekwenda Kenya hukamilisha zote upande wa Kenya.

Kwa mtu anayevuka kwa miguu akiwa na stakabadhi kamili, shughuli hii inaweza kumalizika kwa dakika chache siku isiyo na msongamano. Kwa mwenye gari la binafsi, kuna hatua za ziada: kadi ya umiliki wa gari, kibali cha forodha cha kuliingiza gari nchini kwa muda, na bima inayotambulika ng'ambo ya mpaka. Wengi hutumia Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Kenya na Uganda zote huitambua. Asiyekuwa na bima hiyo ataitafuta hapo hapo mpakani, na huo ni muda mwingine.

Kwa lori la mizigo, mpaka unaweza kumeza safari nzima. Mfano ulio wazi ni wa Januari 2022. Uganda ilipoanza kudai kipimo cha lazima cha UVIKO-19 kwa ada ya dola 30, madereva waligoma. Foleni za malori zilienea kwa makumi ya kilomita upande wa Kenya, Malaba na Busia, na vituo vya mafuta vya Uganda vikaanza kukauka. Kwa siku hizo, Busia na Tororo zilikuwa umbali ule ule wa kilomita 27 kwa mstari, ilhali dereva wa lori angeweza kulala njiani usiku zaidi ya mmoja. Magari madogo na wasafiri wa miguu huwa na njia zao, lakini foleni kubwa ya malori hubana barabara yote inayoelekea langoni.

Stakabadhi: raia na mgeni

Tangu Januari 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kusafiri baina ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Raia wa Kenya au Uganda mwenye kitambulisho halali hahitaji pasipoti kwenda Busia, Malaba wala Tororo. Anayesafiri na watoto aulize mapema kuhusu stakabadhi zao, kwa maana mtoto hana kitambulisho cha taifa.

Hali ni tofauti kwa mzaliwa wa eneo hilo ambaye sasa anasafiri kwa pasipoti ya Ulaya, Marekani au Australia. Mpakani yeye ni mgeni, hata kama nyumba ya babu yake inaonekana kutoka langoni. Kuingia Kenya atahitaji idhini ya kielektroniki ya kusafiri, utaratibu ulioanza Januari 2024. Kuingia Uganda atahitaji viza, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Mtego uko katika ile njia ya tatu. Jamaa mwenyeji, aliyezoea kuvuka kwa kitambulisho, anaweza kumshauri mgeni wake kwa nia njema wapitie Kenya kwa kuwa lami ni nzuri. Mgeni aliyeingia Uganda kwa viza ya kuingia mara moja, akitoka kupitia Busia na kutaka kurudi kupitia Malaba saa moja baadaye, anaweza kujikuta akidaiwa viza nyingine, na huenda hana hata idhini ya kuingia Kenya. Kwa mtu wa namna hiyo, njia ndefu ya Namutere ndiyo fupi. Anayepanga kuvuka zaidi ya mara moja afikirie Viza ya Utalii ya Afrika Mashariki, inayotolewa kwa dola 100 kwa siku 90 na kuruhusu mwenye nayo kuzunguka kati ya Kenya, Uganda na Rwanda.

Wafanyabiashara wadogo wana utaratibu wao. Chini ya mfumo rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 huweza kuvushwa kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachotolewa mpakani. Utaratibu huo uliwekwa ili mama anayevusha mahindi, mayai au samaki asilazimike kupita njia za panya, ambako huokoa dakika chache na kuhatarisha mtaji wake wote.

Na kwa ndege?

Tororo ina kiwanja kidogo cha ndege, kimojawapo cha viwanja vya mikoani vinavyosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda. Hakina safari za abiria zenye ratiba. Ndege ndogo ya kukodi iendayo kilomita 300 kwa saa ingeumaliza umbali wa kilomita 27 kwa muda usiozidi dakika sita angani. Hata hivyo ndege inayovuka kutoka nchi moja hadi nyingine hulazimika kutimiza masharti ya uhamiaji na forodha katika uwanja ulioidhinishwa, na kwa hiyo safari hiyo ya dakika sita haina maana kwa msafiri wa kawaida. Wenye basi wangefika kwanza.

Kwa anayetoka ng'ambo, swali lenye faida ni kushukia uwanja gani. Kuna majibu mawili. La kwanza ni Entebbe, umbali wa kilomita 40 hivi kutoka Kampala. Kutoka Kampala hadi Tororo ni zaidi ya kilomita 200 kwa barabara, kupitia daraja jipya la Mto Naili mjini Jinja, lililofunguliwa Oktoba 2018. Tenga saa nne hadi tano, bila kuhesabu msongamano wa kutoka Kampala. La pili ni Kisumu, ambako hufikiwa kwa ndege ya kuunganisha kutoka Nairobi. Kutoka Kisumu hadi Busia ni kilomita 110 na kidogo. Anayekwenda Busia ya Kenya hupata nafuu kwa kushukia Kisumu. Anayekwenda Tororo kwa pasipoti ya kigeni apime kwanza: Kisumu ni karibu, lakini inadai stakabadhi za nchi mbili.

Reli, na mpaka uliohama

Wasikilizaji huuliza pia kuhusu treni. Reli iliyotoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Baadaye njia nyingine ilijengwa kutoka Nakuru kupitia Eldoret, Malaba na Tororo, ikafika Kampala mwaka 1931. Tororo ikawa makutano, kwa kuwa hapo ndipo njia ya kwenda Mbale na Soroti inapochepuka. Busia ilibaki nje ya reli, ikakua kwa barabara. Hali hiyo huenda ikaendelea: mkataba wa reli ya kisasa ambao Uganda iliutia saini Oktoba 2024 na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki unahusu kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala.

Mpaka wenyewe haukuwapo hapo daima. Hadi tarehe 1 Aprili 1902, nchi yote hii, pamoja na Kisumu na hata Naivasha, ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda chini ya utawala wa Waingereza. Mkoa huo wa mashariki ulihamishiwa upande wa Kenya ya leo mwaka huo, na mistari ikathibitishwa kisheria mwaka 1926, ikifuata kwa sehemu mito ya Sio na Malaba. Wateso na Wasamia wakajikuta pande zote mbili. Ndani ya Uganda nako mistari iliendelea kuchorwa: Wilaya ya Busia ilitengwa na Wilaya ya Tororo mwaka 1997. Kabla ya hapo, mkazi wa Busia ya Uganda aliyekuwa na shauri la wilaya alilazimika kuifunga safari hii hii tunayoieleza.

Hata neno bodaboda, ambalo leo linatumika kote Afrika Mashariki, husimuliwa kuwa lilizaliwa hapa. Waendesha baiskeli wa Busia waliwavusha abiria na mizigo katika eneo lililo kati ya malango mawili, wakiita kwa sauti neno la Kiingereza la mpaka. Kipande hicho hakikufika hata kilomita mbili, lakini ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote, na watu walikuwa tayari kulipa ili wakivuke.

Kabla ya kuondoka

Hakikisha unajua unaanzia Busia ipi. Uliza kama mvua imenyesha na kama kuna foleni ya malori. Beba shilingi za nchi zote mbili, kwa kuwa thamani zake zinatofautiana sana, na zibadilishe kwa wakala mwenye leseni. Ukiambiwa gari linaondoka saa mbili, fahamu kuwa ni saa mbili za Kiswahili. Wengi waliokulia ng'ambo wamefika kituoni saa nane mchana na kukuta gari liliondoka asubuhi.

Kisha tenga saa moja kwa ajili ya barabara. Ukivuka mpaka kwa miguu au kwa gari la abiria, ongeza saa nyingine moja kwa kila mara utakayovuka, na zaidi ukiwa na gari lako mwenyewe. Ukifika mapema, hutakuwa umepoteza kitu. Anayewahi mazishi, hospitali au usaili wa kazi kwa kutegemea kilomita 27 za ramani ndiye anayechelewa.